Dakika Gani Alianza Kujiamini?

Likizo ya shule iliyopita nilikaa sebuleni na mpwa wangu wa miaka 11, tukaangalia filamu ya katuni ya Kijapani inayomhusu binti aliyepotelea katika ulimwengu wa mizimu. Mwanzoni binti huyo ananung'unika na kung'ang'ania mkono wa mama yake. Mwishoni anasimama mbele ya mchawi na kumjibu kwa sauti tulivu. Filamu ilipoisha, mpwa wangu hakuuliza habari za mchawi wala za joka. Aliuliza, "Shangazi, ni dakika gani alianza kujiamini?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikakosa la kusema. Tukairudisha filamu nyuma. Akaonyesha mahali: "Hapa!" Tukatazama vizuri, binti bado anatetemeka. Akaonyesha pengine, na hapo alikuwa ameshabadilika zamani. Tuliisaka ile dakika mpaka tukaitwa mezani kula, hatukuipata.

Swali lile limenikaa kichwani kwa sababu linagusa jambo tunalolisema kila siku bila kulichambua. Kwenye mahafali, kwenye redio, kwenye vikao vya wazazi, utasikia kwamba mtoto wa kike ajiamini. Ukimwuliza msemaji huko kujiamini kunatoka wapi, atakujibu ajiamini tu, kana kwamba ni swichi ya taa ambayo mtoto amesahau kuibonyeza. Wako pia wapenzi wa hadithi na filamu za kusisimua. Kila akitokea binti mwoga katika nafasi ya shujaa, hugombana: huyu analialia hivi, ushujaa wake uko wapi? Na akitokea asiyeogopa chochote, wanalalamika kwamba hana ladha. Wote hao wanakwama palepale alipokwama mpwa wangu, kwa sababu wanaitafuta dakika.

Tuanze na maneno

Shujaa katika hadithi si lazima awe mpiganaji. Ni mhusika anayeubeba mzigo wa kisa, yule ambaye akiondolewa hakuna hadithi. Walimu wa fasihi humwita pia nguli. Lakini mashujaa hawafanani. Katika mighani yetu, Fumo Liyongo anaingia akiwa tayari Liyongo, na Lwanda Magere anaingia akiwa tayari mwili wa jiwe. Hakuna anayesubiri wapate nguvu. Tunachosubiri ni siri yao ifichuke, sindano ya shaba ya kitovuni kwa mmoja, kivuli kwa mwingine. Hadithi ninayoizungumzia hapa imegeuzwa. Shujaa anaingia mikono mitupu, na tunachosubiri ni kuona nguvu zitatoka wapi.

Safari ni ile ambayo wanafunzi wa fasihi wanaiita motifu ya safari: mtu anatoka kwao, anapita mahali pagumu, anarudi akiwa si yule aliyeondoka. Safari inaweza kuvuka bahari, na inaweza kuwa ya usiku mmoja ndani ya jengo moja.

Kusita ni kubaki nyuma ya mstari wakati wengine wanasema vuka. Mara nyingi tunakuchanganya na woga, na wakati mwingine ni woga kweli. Lakini mtu husita pia kwa sababu ameona hatari ambayo wengine hawajaiona, au ana mdogo wake mgongoni wa kumlea, au hajawahi kuona mtu wa aina yake akifanya jambo lile na hivyo hajui kama linamhusu.

Kisha kujiamini, ambako ndiko kwenye fundo lenyewe. Tunalitumia neno hili kama jina la tabia, kama urefu au weusi wa nywele: fulani anajiamini, fulani hajiamini. Hebu mfikirie mama anayesukuma chapati kila asubuhi. Hapimi unga, hatazami saa, anageuza kwa vidole juu ya chuma cha moto huku anazungumza na wewe. Mwambie aendeshe lori hadi Morogoro uone kama mikono ile haitatetemeka. Mtu ni yuleyule. Kujiamini kwake kuna anwani, kunakaa kwenye unga na moto. Kwa hiyo maana nitakayoitumia ni hii: kujiamini ni kuwa na hakika, iliyotokana na jambo fulani, kwamba kazi hii iliyo mbele yangu naiweza.

Musa naye alikataa

Kabla hatujamlaumu binti anayesita, tukumbuke kwamba kusita ni jambo la zamani kuliko vitabu vya hadithi. Musa alipotumwa kwa Farao hakuruka kwa furaha. Katika Biblia anajitetea kwamba yeye si msemaji na ulimi wake ni mzito, na mwisho anaomba atumwe mtu mwingine. Katika Kurani anaomba akunjuliwe kifua, afunguliwe fundo la ulimi na apewe ndugu yake Harun amsaidie. Msomaji wa msikitini na wa kanisani wote wanalijua hilo, na sijamsikia hata mmoja akisema kwa sababu hiyo Musa si kitu.

Mtafiti wa Kimarekani Joseph Campbell, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu mashujaa wa hadithi za dunia, alikipa kituo hiki jina: kukataa wito. Aliona kwamba katika visa vingi, mtu anayeitwa kwenye safari hukataa kwanza. Mwaka 1990 Maureen Murdock, aliyekuwa amefundishwa na mawazo hayohayo, akaandika kitabu chake mwenyewe kwa kuona kwamba ramani ile ilichorwa kwa nyayo za wanaume na haiielezi vizuri safari ya mwanamke. Sitaingia katika mjadala wao. Nalichukua moja tu, kwamba kukataa ni sehemu ya njia. Aliyesita hajaiharibu hadithi, ameianza.

Binti wa kiti cha nyuma

Filamu tuliyoiangalia inajulikana duniani kwa jina la Spirited Away. Iliongozwa na Hayao Miyazaki na kuonyeshwa Japani mwaka 2001. Mwaka 2002 ilipata Dubu wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Berlin, na mwaka 2003 ikapata Oscar ya filamu bora ya katuni. Jina lake la Kijapani lina neno kamikakushi, yaani kufichwa na miungu, neno lililotumika zamani mtu alipotoweka bila maelezo. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili; kwetu husemwa amechukuliwa na majini.

Miyazaki alieleza kwamba aliitengeneza kwa ajili ya mabinti wa miaka kama 10, watoto wa rafiki zake, na alitaka mhusika wa kawaida kabisa. Chihiro ana miaka 10. Tunamkuta amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari, miguu juu, amekumbatia shada la maua la kuagwa, amenuna kwa sababu wazazi wanahamia mji mwingine. Si mrembo wa kupindukia, hana kipaji kilichofichwa, wala hakuna utabiri wowote kuhusu kuzaliwa kwake.

Baba anapotea njia, wanafika kwenye lango lenye njia ya chini kwa chini. Wazazi wanataka kuingia. Chihiro anasema turudi. Wanaingia. Wanakuta mji mtupu wenye vibanda vya chakula kingi cha moto na hakuna mwenye duka. Wazazi wanaketi kula. Baba anamtuliza kwamba ana pesa na kadi za benki. Chihiro anakataa kula, anaendelea kuwasihi waondoke. Giza linapoingia, baba na mama wamegeuka nguruwe.

Sasa tazama vizuri. Watu wawili walioamini mambo yapo sawa ndio waliokuwa na hakika ya bure, hakika ya kadi ya benki. Mtoto aliyesita ndiye pekee aliyekuwa anaona. Dhana kwamba kusita ni kasoro inayopaswa kung'olewa kwa mtoto wa kike inakwama hapo, dakika chache tu tangu hadithi ianze. Kama Chihiro angekuwa "jasiri" kwa namna tunayowahimiza wengi wawe, angevuta kiti akala. Kazi ya safari haikuwa kumwondolea macho yale. Ilikuwa kumpa miguu ya kuyafuata.

Sentensi moja, kisha kipande cha makaa

Mahali alipoangukia Chihiro ni hamamu kubwa ambamo mizimu huja kuoga na kupumzika. Aliyewahi kupita mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, penye hamamu ya Sultani Barghash, ana picha ya kuanzia. Mwenye hamamu ni mchawi Yubaba, na sheria ni kwamba asiye na kazi hana nafasi hapo. Kijana anayeitwa Haku anamwelekeza: nenda kwa mzee wa tanuru, omba kazi, na wakikukatalia endelea kuomba.

Njia ya kwenda kwa mzee huyo ni ngazi ya nje, mwinamo mkali, haina pa kushika. Chihiro anaishuka kwa makalio, kidato kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Kidato kinavunjika na anajikuta anaporomoka mbio akipiga kelele mpaka anagonga ukuta. Ikumbuke ngazi hiyo.

Ndani, kwenye joto, vidude vidogo vya masizi vinabeba makaa ya mawe kuyatupa tanuruni. Kimoja kinaelemewa. Chihiro anakiinulia kaa lake, kisha anabaki amelishika, hajui aliweke wapi. Mzee Kamaji anamfokea kwamba ukianza jambo lifikishe mwisho. Anajikokota na lile kaa, linamvuta chini, joto linampiga usoni, analitupa motoni. Basi. Hakuna muziki wa ushindi. Lakini hilo ni jambo la kwanza katika filamu nzima ambalo Chihiro amelifanya toka mwanzo hadi mwisho kwa mikono yake.

Akifikishwa kwa Yubaba, silaha yake yote ni sentensi moja: naomba unipe kazi hapa. Mchawi anacheka, anamziba mdomo kwa uchawi, anafoka mpaka karatasi zinaruka chumbani. Anairudia. Sauti inatetemeka, maneno yanabaki yaleyale. Wahenga walisema penye nia pana njia, na hapa nauona mpangilio tofauti kidogo: njia ilikuja kwanza, kwa sababu nyuma pamefungwa, na nia ikajengeka njiani.

Yubaba anakubali, na kama malipo anachukua sehemu ya jina lake. Katika maandishi ya Kijapani, herufi ya kwanza ya jina Chihiro ikisimama peke yake husomeka Sen, maana yake elfu. Tangu hapo anaitwa Sen, na Haku anamwonya kwamba akilisahau jina lake kamili hatarudi kwao. Sina haja ya kwenda Japani kuelewa hilo. Nimewaona mabinti wakitoka kijijini kuja kufanya kazi za nyumbani mjini, na kufikia wiki ya pili hakuna anayewaita kwa jina. Ni dada, ni yule msichana. Chihiro analishikilia jina lake kwa kadi ndogo waliyomwandikia wenzake wa shule alipoagwa. Sioni namna mtu anavyoweza kuiamini nafsi ambayo hata jina lake limeshafutika.

Kile alichokigundua Bandura

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliandika makala iliyobadilisha namna wataalamu wanavyolitazama jambo hili. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na watu waliowaogopa nyoka kiasi cha kuvuruga maisha yao. Wengine walionyeshwa filamu za watu wakishika nyoka. Wengine walikuwa na msaidizi chumbani: anamshika nyoka yeye kwanza, kisha mwoga anakaribia hatua moja, anagusa akiwa na glavu, anagusa bila glavu, mpaka mwisho anamshika mwenyewe. Hao waliotenda kwa mikono yao ndio waliopona zaidi. Na baadhi yao walijikuta wamepungukiwa na hofu za mambo mengine yasiyohusiana na nyoka kabisa.

Bandura alihitimisha kwamba imani ya "naweza" huchotwa kwenye visima vinne. Chenye maji mengi kuliko vyote ni kulifanya jambo mwenyewe na kuliona limefaulu. Kingine ni kumwona mtu anayefanana nawe akifaulu. Kingine ni maneno ya watu unaowaheshimu. Cha mwisho ni hali ya mwili wako: moyo unadunda vipi, umekula, umelala, na unausomaje mtetemeko wa mikono yako. Wahimizaji wetu wa "jiamini tu" wanachota kwenye kimoja peke yake, cha maneno, na kina kina kifupi.

Rudi hamamuni uvione vyote. Kaa la mawe ni kutenda. Mfanyakazi mwenzake Lin, dada mwenye ulimi mkali na moyo mwema, anamwonyesha namna ya kusugua beseni na kupiga deki. Ni mtumishi kama yeye, na anaweza. Kamaji, ambaye hajawahi kumwona kabla ya usiku ule, anamdanganya Lin kwamba huyu ni mjukuu wake. Kwa neno moja mtoto asiye na mtu anapata babu. Na asubuhi Haku anampa matonge ya wali, akimwambia ameyatilia dawa ya kumrudishia nguvu. Chihiro anamega kidogo, kisha anakula kwa pupa, machozi makubwa yanamtiririka.

Mjomba wake mpwa wangu, alipopita sebuleni na kuona machozi yale, alisema, "Ndiyo shujaa wenu huyo?" Nadhani ndio mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Tunahesabu kulia kama alama ya kushindwa. Lakini tazama kinachofuata: baada ya chozi lile Chihiro anarudi kazini. Mwili ulikuwa umejaa, umemwaga, sasa unaweza kubeba. Aliyejifunza kubeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba shingo iliyokakamaa ndiyo inayomwaga maji.

Kisha inakuja kazi ambayo hakuna anayeitaka. Mzimu mkubwa wa uvundo unaingia, matope yanatiririka, wafanyakazi wazoefu wameziba pua, na Yubaba anamwachia mtoto mgeni amwogeshe. Katikati ya matope Chihiro anahisi kitu kama mwiba kimechoma ubavuni mwa mgeni. Angeweza kunyamaza. Anasema. Kamba inaletwa, hamamu nzima inavuta, na kinachotoka ni baiskeli, halafu lundo la taka lisiloisha. Mgeni hakuwa mzimu wa uvundo. Alikuwa mzimu wa mto uliojazwa uchafu wa binadamu. Miyazaki alilichota tukio hili maishani mwake: aliwahi kushiriki kusafisha mto na wakavuta baiskeli kutoka ndani yake.

Hapo mpwa wangu alipiga kelele, "Ndiyo hii dakika!" Nami karibu nikubali, maana hata Yubaba anamkumbatia na kuwaambia wengine wajifunze kwake. Lakini ebu fikiri. Kilichomwezesha kuuona mwiba ni macho yaleyale yaliyosita mbele ya chakula. Kilichomwezesha kubaki ndani ya matope ni kaa aliloambiwa alifikishe. Baiskeli haikumpa kujiamini. Ilionyesha hadharani kile ambacho kilikuwa kimeshaanza kurundikana gizani.

Haku anapojeruhiwa, Chihiro anatoka dirishani na kukimbia juu ya bomba jembamba kwenye ukuta wa nje, bomba linakatika nyuma yake, anaruka na kudaka ngazi. Ni yule aliyeshuka kwa makalio. Urefu ni uleule, upepo uleule. Na nikikusimamishia picha kwenye uso wake utaona kwamba bado anaogopa! Hofu haijaondoka. Ila siku ile ya kwanza alikuwa anaiangalia ngazi, na sasa anamwangalia Haku.

Je, anakuwa na kiburi?

Nyumba nyingi za kwetu zina wasiwasi ambao hausemwi kwa sauti: binti akijiamini sana ataota pembe. Atajibu wakubwa. Atakuwa kiherehere. Siudharau wasiwasi huo, kwa sababu haya ni thamani kwetu, na mtu aliyepoteza haya hasifiwi. Tatizo ni pale tunapodhani haya na kujiamini ni ndoo mbili za mzega mmoja, moja ikipanda nyingine inashuka.

Filamu hii inasema kinyume. Chihiro wa mwanzo hana adabu nzuri. Kamaji anamsaidia, naye anataka kuondoka kimya mpaka Lin anamkumbusha kushukuru. Kadiri anavyopata uwezo, ndivyo anavyoshukuru, anavyoomba radhi, anavyosalimu. Anapanda garimoshi kwa tiketi alizozitunza Kamaji kwa miaka 40, safari ya vituo sita ya njia moja isiyo na uhakika wa kurudi, kwenda kurudisha kitu ambacho Haku aliiba na kumwombea msamaha. Na siku ya mwisho, akishamshinda Yubaba, anamwita bibi, anainama na kumshukuru kwa yote. Kiburi kinahitaji watazamaji wadogo kuliko mwenyewe. Mtu mwenye hakika na mikono yake hana sababu ya kumdogosha yeyote.

Hata ngano zetu zinajua hilo. Kuna kile kisa kinachosimuliwa kwa sura nyingi, cha mabinti wawili wanaokutana njiani na ajuza mwenye vidonda anayeomba aoshwe. Mmoja anamwosha, anapata. Mwingine anamtukana, anaangamia. Mrusi Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano wa mwaka 1928, alionyesha kwamba mtoa msaada huwa anampima shujaa kwanza. Na kipimo cha ajuza wetu hakikuwahi kuwa nguvu za misuli.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba shujaa wa kike lazima apige ngumi ili ahesabike. Wapo wapiganaji wa kike wazuri katika hadithi, sina neno nao. Lakini Chihiro hampigi mtu hata mmoja. Mzimu asiye na uso anapomwaga dhahabu na watumishi wote wanaigombania kwa magoti, yeye anasema haitaki, kisha anaondoka kwa sababu ana mgonjwa wa kumwahi. Katika hamamu nzima, hiyo ndiyo nguvu ambayo mzimu yule hajawahi kukutana nayo.

Mateso hayajengi

Kuna hatari ya kuielewa vibaya hadithi ya namna hii, nami nataka kuisema wazi. Mtu anaweza kutoka nayo akisema: unaona, mtoto atupwe kwenye shida akomae. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nimeusikia mtazamo huu ukitumika kuhalalisha mambo mabaya, pamoja na kupeleka watoto wa miaka 10 kufanya kazi za watu wazima.

Bandura alikuwa wazi hapa. Kushindwa kunakomkuta mtu kabla hajapata pa kukanyaga hakumjengi, kunambomoa. Wale waoga wa nyoka hawakutupiwa nyoka mapajani; walikuwa na msaidizi na hatua za kupanda. Ukimwondolea Chihiro tonge la wali, babu wa tanuruni, dada Lin na Haku, kinachobaki ni mtoto anayeteswa, na mtoto anayeteswa hujifunza kujificha. Fikiria mtoto anayefundishwa baiskeli. Unashika kiti nyuma, unakimbia naye, na kuna hatua chache ambazo umeshaachia na yeye hajui. Anayesukuma baiskeli kwenye mteremko na kwenda zake hafundishi kitu.

Kwa wanaoandika hadithi za watoto, na tunawahitaji wengi kwa Kiswahili, hili ndilo ningewaomba: msimpe binti hotuba ya kujiamini katika sura ya tano. Mpeni kaa la mawe. Kitu kimoja kizito kinacholingana na mikono yake, kisha kingine kizito kidogo zaidi, na mtu wa kumpa chakula katikati.

Mwisho wa njia ya chini kwa chini

Mtihani wa mwisho wa Yubaba ni kuwapanga nguruwe mbele ya Chihiro na kumtaka awataje wazazi wake. Anawatazama mmoja mmoja. Anasema hawamo. Hakuna aliyemdokezea, na ni kweli hawamo. Miyazaki mwenyewe alikataa kuiita hii hadithi ya mtoto kukua. Kwa maelezo yake, binti alitoa nje kitu kilichokuwa ndani yake tayari, mazingira yalipomlazimisha. Ninavyoona, hilo haligombani na Bandura. Maji yalikuwamo ardhini, lakini kisima kilichimbwa kwa jembe.

Wiki iliyofuata mpwa wangu aliiomba tena ile filamu, safari hii kwa Kijapani, maandishi chini. Mara ya kwanza tulikuwa tumeisikiliza kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, gari linapoondoka baba anasema nyumba mpya na shule mpya zinatisha kidogo, na Chihiro anajibu kwamba anadhani ataweza. Mpwa wangu alikuwa ameikariri sentensi ile. Kama dakika ilikuwapo popote, alidhani ni hiyo.

Tukafika pale. Familia inapita tena kwenye ile njia ya giza. Chihiro ameushika mkono wa mama kwa nguvu, kama walivyoingia, na mama analalamika kwa maneno yaleyale kwamba anamng'ang'ania mno. Wazazi hawakumbuki chochote. Chihiro anageuka nyuma mara moja, na kamba ya nywele aliyosokotewa na rafiki zake wa kule inametameta kichwani. Mpwa wangu akasogea karibu na skrini kusubiri sentensi yake.

Gari likawashwa, likaondoka. Katika Kijapani sentensi ile haimo. Iliongezwa na waliotafsiri. Chihiro hasemi kitu.